Malenga, Mwanagenzi na Mashine: Suala la Ushirika na Ushindani katika Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Lugha ya Kiswahili imekipa kitu hiki majina matatu kabla wasemaji wake hawajaafikiana juu ya maana yake. Wako wanaokiita akili bandia, wako wanaokiita akili unde, na nchini Tanzania jina lililopata nguvu ni akili mnemba. Tofauti hizi si za msamiati peke yake. Anayesema "bandia" amekwisha kutoa hukumu, kwa maana kitu bandia ni kile kilichofananishwa na cha asili ili kishike nafasi yake, kama sarafu bandia au dawa bandia. Anayesema "unde" hajahukumu bado. Amesema tu kwamba kitu hicho kimeundwa, kama jahazi liundwavyo na mafundi, na jahazi laweza kuwa la biashara au la vita. Makala haya yanatumia "akili unde" kwa sababu hiyo, ili hukumu itokane na uchunguzi wala isitangulie.

Swali lililozagaa ni kama akili unde itakuwa mshirika wa binadamu au mshindani wake. Likiulizwa hivyo kwa jumla, swali hili halina jibu, kwa kuwa "binadamu" si mmoja wala kazi zake si moja. Yafaa lipelekwe katika uwanja mmoja ambao mipaka yake yajulikana. Uwanja uliochaguliwa hapa ni ushairi wa Kiswahili, na sababu ni mbili. Kwanza, ushairi huu una kanuni zinazoweza kuhesabiwa, yaani vina na mizani, na kuhesabu ndiyo kazi ya asili ya mashine. Pili, wataalamu wa Kiswahili wamekwisha kugombana kwa miongo mingi juu ya nafasi ya kanuni hizo. Mashine imeingia katika ugomvi huo kama shahidi asiyetazamiwa, na ushahidi wake unazitia mashakani pande zote mbili.

Hoja ya kale katika vazi jipya

Ni kosa kudhani kwamba suala la mashine na ushairi limezuka baada ya Novemba 2022, wakati programu iitwayo ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma. Mwaka 1949 daktari wa upasuaji wa ubongo mjini Manchester, Geoffrey Jefferson, alitoa mhadhara ambamo alishikilia kwamba mashine haiwezi kusemwa kuwa sawa na ubongo mpaka iweze kutunga soneti kwa sababu ya fikira na hisia ilizozihisi yenyewe, wala si kwa kuangukia tu alama mahali zinapofaa. Mwaka uliofuata, 1950, Alan Turing alichapisha katika jarida la Mind makala yake mashuhuri kuhusu mashine na akili. Katika mfano wake wa mahojiano, swali la kwanza analouliza mhoji ni ombi la soneti juu ya daraja la Forth huko Scotland, na mhojiwa anajitoa kwa kusema kwamba ushairi haujapata kuwa kazi yake. Mwaka 1952 Christopher Strachey aliifanya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester itunge barua za mapenzi kwa kuokota maneno na kuyapanga katika vielelezo vya sentensi.

Jefferson alidai hisia. Turing alijibu kwamba hatuna njia ya kuthibitisha hisia za yeyote isipokuwa kwa maneno na matendo yake, na kwamba anayeikatalia mashine kwa kigezo hicho atalazimika kumkatalia na jirani yake. Mgongano huu wa zaidi ya miaka sabini iliyopita ndio unaorudiwa leo, mara nyingi na watu wasiojua kwamba wanaurudia.

Mizani, vina na hesabu ya mashine

Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa akiandika kanuni ambazo kabla yake zilifunzwa kwa mdomo na kwa sikio. Tangu hapo kitabu hicho kimekuwa nguzo ya wale wanaoitwa wanamapokeo. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974, kiliwapa wapinzani wao mfano wa kuonyesha, na mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakajaribu katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu kuupa ushairi maana pana inayoweza kuzikumba pande zote mbili. Katika mabishano hayo, mwanamapokeo alielekea kusema kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Mwanamabadiliko alielekea kusema kwamba vina na mizani ni pingu za mawazo, na kwamba shairi lajulikana kwa upya wa taswira na uzito wa fikira.

Mashine inapoombwa itunge shairi la tarbia, hutoa papo hapo beti za mishororo minne, zenye ukwapi na utao, na vina mara nyingi vikipatana. Akiombwa mwanafunzi wa darasa la ushairi alete utungo wa namna hiyo, atahitaji siku kadha. Lakini msomaji akianza kuhesabu mizani, aghalabu atakuta mshororo mmoja una silabi 16, wa pili 15, wa tatu 18. Kosa hili lina sababu ya kiufundi inayofaa kueleweka na kila mwanaisimu. Modeli za lugha hazilipokei andiko kwa silabi. Hulikata katika vipande vilivyoteuliwa kwa kadiri ya wingi wa kutokea kwake katika maandishi ambayo modeli ilifunzwa kwayo, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Neno kama "hawakunipigia", ambalo mwanaisimu hulichanganua kuwa ha-wa-ku-ni-pig-i-a na mshairi hulihesabu kuwa silabi saba, laweza kukatwa mahali pasipo mpaka wa mofimu wala wa silabi.

Mfano wa neno "mbuni" unaonyesha ugumu huo kwa uwazi zaidi. Mbuni ndege ana silabi mbili, kwa kuwa "mb" hapo ni sauti moja iliyounganishwa. Mbuni mti wa buni una silabi tatu, kwa kuwa "m" hapo ni kiambishi cha ngeli kinachosimama peke yake kama silabi. Mbuni mtu anayebuni naye ana tatu. Maandishi ni yale yale. Kipande kinachotimiza mizani 8 kwa ndege kitazidi kwa moja kikisomwa kwa mti. Malenga hana haja ya nadharia ili ajue hayo, kwa sababu shairi lake hupita kooni kabla ya kufika karatasini. Amri Abedi aliufungamanisha ushairi na uimbaji, na wanamabadiliko wengi waliliona dai hilo kuwa finyu. Yamkini mashine inaturudisha kulitazama upya: mizani ni pumzi kabla ya kuwa hesabu, na kiumbe kisicho na pumzi huikisia kwa mbali.

Hata hivyo haifai kuijenga nyumba ya uhakiki juu ya kosa ambalo mafundi wanaweza kulirekebisha. Programu ya kuhesabu silabi za Kiswahili si jambo gumu kutengeneza, na kuifunga pamoja na modeli ya lugha ni suala la muda tu. Itakapofanyika hivyo, mashine itatoa tarbia zilizotimia kwa kila kipimo kilichoandikwa katika vitabu vya kanuni. Hapo mwanamapokeo atakuwa na machaguo mawili: kukubali kwamba hayo ni mashairi sawa na mengine, au kukiri kwamba vina na mizani havikuwa kiini cha ushairi bali chombo chake.

Mwanamabadiliko asifurahie haraka. Mashine hutoa mashairi huria kwa wepesi mkubwa zaidi, kwa kuwa huko hakuna hesabu ya kuikosesha. Mwaka 2024 Brian Porter na Edouard Machery wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapisha utafiti katika jarida la Scientific Reports ambamo wasomaji wa kawaida walipewa mashairi ya Kiingereza ya watunzi mashuhuri, tangu Chaucer na Shakespeare hadi watunzi wa zama zetu, yakichanganywa na mashairi yaliyotungwa na mashine kwa kuiga mitindo ya watunzi hao. Wasomaji walitambua asili ya shairi kwa usahihi wa asilimia 46.6 tu, yaani chini kidogo ya yule ambaye angerusha shilingi. Zaidi ya hayo, waliyapa mashairi ya mashine alama za juu kwa mdundo na kwa uzuri. Watafiti walieleza kwamba wepesi wa kueleweka wa mashairi ya mashine ndio uliowavuta wasomaji, nao wakaudhania kuwa alama ya ubinadamu. Ikiwa basi upya wa taswira na uzito wa fikira ndivyo vipimo, wasomaji hao hawakuviona, au walivitafuta mahali visipokuwapo.

Hoja mbili dhaifu

Watetezi wa malenga hukimbilia hoja mbili ambazo zafaa kuachwa kabla hazijawaaibisha.

Ya kwanza ni kwamba mashine hairithi wala haibuni, bali huyapanga upya maneno ya wengine. Ni kweli kwamba modeli hutabiri kipande kifuatacho kwa kutegemea vilivyotangulia. Lakini mtaalamu wa fasihi simulizi hawezi kuitumia hoja hii kwa moyo mweupe. Milman Parry na mwanafunzi wake Albert Lord, ambaye kitabu chake The Singer of Tales kilitoka mwaka 1960, walionyesha kwamba mtambaji wa tendi hutunga kwa kuunganisha vipande vilivyokwisha kutayarishwa na mapokeo. Tenzi za Kiswahili nazo zina mafungu yake yanayorudiwa: kuanza kwa jina la Mungu, kuagiza wino na karatasi, kumwita mwandishi akae tayari. Tangu Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, watunzi wamevipokea vipande hivyo bila haya, na hakuna mhakiki wa maana aliyewaita wezi. Ikiwa kupanga upya ni dosari, basi ni dosari ya mapokeo yote.

Hoja ya pili ni ya Jefferson: kwamba mashine haina hisia. Pengine ni kweli, lakini haimsaidii mhakiki. Hisia za mtunzi haziko katika karatasi. Kuna mashairi mabovu mengi yaliyotungwa na watu wenye uchungu wa kweli, na kila mhariri wa ukurasa wa mashairi amepata kuyapokea.

Kwa upande mwingine, wako wahakiki ambao wangefaa kutahayari zaidi. Wimsatt na Beardsley waliandika mwaka 1946 kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha utungo, na Roland Barthes akatangaza kifo cha mtunzi mwaka 1967. Vizazi vya wanafunzi, pamoja na wale wa Afrika Mashariki, vimefunzwa kuusoma utungo kama kitu kinachojitosheleza. Sasa umekuja utungo ambao kwa hakika hauna mtunzi, nao umetimiza kila sharti la nadharia hiyo. Kama nadharia ni sahihi, mhakiki hana sababu ya kulalamika. Kama analalamika, basi alikuwa akimtafuta mtunzi siku zote huku akikana.

Utungo kama tendo

Njia ya kutokea imo ndani ya mapokeo ya Kiswahili yenyewe, katika desturi moja ambayo wahakiki wameizoea mno hata hawaitazami. Tenzi nyingi za kale hazimaliziki kwa kisa. Humalizika kwa mtunzi kujitaja jina na nasaba, kutaja tarehe, mara nyingine kutaja idadi ya beti, kisha kuomba radhi kwa makosa na kuwataka wenye ujuzi wayasahihishe. Wengine wameliona fungu hili kama kaida tu ya kidini. Lakini lina kazi ya wazi: ni dhamana. Mtunzi anasema, maneno haya ni yangu, mwenye kuyadai na anijie mimi.

Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ndio ushahidi ulio karibu zaidi. Mama mgonjwa anamwandikia binti yake wasia, naye alifariki miaka michache baadaye. Mashine yaweza kutoa wasia wenye mizani 8 na vina vilivyopangika, na pengine nasaha zake zikawa nzuri. Lakini wasia si orodha ya nasaha. Ni tendo linalotendwa na mtu anayeondoka kwa mtu anayebaki, na anayeutoa hupoteza kitu ikiwa hautafuatwa. Mashine haiondoki, wala haina binti.

Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa yapata 1776 hadi 1840, naye hasomeki vizuri nje ya vitendo. Mashairi yake mengi ya siasa ni sehemu ya kujibizana na watunzi wa Lamu, na ni sehemu ya upinzani wa Mombasa ya Mazrui dhidi ya Sayyid Said wa Omani. Kila fumbo lilitumwa kwa mtu aliyeweza kulifumbua na kulirudisha na lake. Anayetunga katika uwanja huo alijua kwamba jibu litakuja, na kwamba heshima ya mji mzima ilikuwa mikononi mwake.

Katika zama zilizo karibu zaidi, Abdilatif Abdalla alifungwa tangu mwishoni mwa mwaka 1968 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya Twendapi? Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga gerezani akiwa peke yake, mengi akiyaandika katika karatasi za chooni. Diwani ilitoka mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Ni diwani yenye arudhi kamili, kwa hiyo ubora wake hauwezi kuelezwa kwa kuvunja kanuni, wala hauwezi kuelezwa kwa kuzifuata peke yake, kwa kuwa wengi huzifuata. Uzito wake ni kwamba msemaji alikwisha kulipa bei ya kusema, na akasema tena.

Hii si kusema kwamba shairi halina budi kutoka gerezani, wala kwamba mhakiki apime wasifu wa mtunzi badala ya utungo. Ni kusema kwamba utungo ni kauli, na kauli ina msemaji, msemewa na mahali. Uhakiki unaoziacha nguzo hizo tatu utabaki ukihesabu silabi, na katika kazi hiyo mashine itaupita mhakiki kabla haijampita mshairi.

Lugha ya nani?

Lipo jambo jingine linalowahusu wanaisimu moja kwa moja. Mashine husema lugha iliyolishwa. Kiswahili kilichopatikana kwa wingi kwa ajili ya kulisha mashine ni cha magazeti, cha nyaraka za serikali, cha Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, na cha tafsiri za kidini. Mkusanyo ulioitwa JW300, uliotolewa mwaka 2019, ulijengwa kwa machapisho ya Mashahidi wa Yehova katika zaidi ya lugha 300, na ulitumiwa sana na watafiti wa lugha za Afrika kabla haujaondolewa kwa sababu za hakimiliki. Kiswahili cha aina hii ni safi na kinaeleweka, lakini sehemu yake kubwa ni tafsiri, na karibu chote ni Kiswahili sanifu.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliuchagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikautekeleza uamuzi huo. Historia ya Kiswahili ya Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala ilipotoka mwaka 1977, manung'uniko ya wenye Kimvita na Kiamu yalikuwa bado hai, kwa kuwa lahaja zilizobeba ushairi wa karne nyingi ziliachwa nje ya mlango. Usanifishaji huo ulifanywa na kamati iliyoweza kuandikiwa barua na kujibu. Usanifishaji wa mashine haufanywi na kamati yoyote. Kinachozidi kuonekana huzidi kutabiriwa, na kinachotabiriwa huandikwa tena, kikawa chakula cha mashine ya kesho. Msamiati wa Inkishafi hauna nafasi kubwa katika mzunguko huo.

Wala haifai kusahau ni nani anayefaidi. Mnamo Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya mjini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi ya ukatili yaliyotumika kuisafisha ChatGPT. Hapa neno "mshirika" lahitaji uangalifu. Aliyetoa lugha, na aliyetoa kazi ya mikono na macho, wameshiriki kweli katika kuunda mashine. Katika umilikaji wa nyenzo hiyo na katika mapato yake hawakushirikishwa. Ushindani unaozungumzwa kana kwamba ni wa binadamu na chuma ni, kwa sehemu kubwa, ushindani wa wenye nyenzo na wasio nazo.

Ushirika unaowezekana

Ingekuwa dhuluma kuinyima mashine haki yake. Katika kazi za utafiti, kompyuta imekwisha kuwa mshirika wa Kiswahili kwa miongo minne. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kazi ya kuifunza kompyuta uchanganuzi wa maumbo ya maneno ya Kiswahili, na kazi hiyo ikazaa mfumo wa SALAMA pamoja na mkusanyo mkubwa wa matini uliowafaa wanaleksikografia na wanasarufi wengi. Kundi la watafiti wa Kiafrika liitwalo Masakhane, lililoanzishwa mwaka 2019, limeonyesha kwamba wenye lugha wanaweza kujiongoza wenyewe katika uwanja huu.

Miswada ya tenzi kwa hati ya Kiarabu imehifadhiwa Dar es Salaam na katika maktaba ya SOAS huko London, na sehemu kubwa yake haijahaririwa ipasavyo. Kusoma hati hizo, kulinganisha nakala mbalimbali za utenzi mmoja, kutafuta vipande vinavyorudiwa katika tenzi mia, ni kazi ambayo ingemchukua mtu mmoja umri wake wote. Mashine yaweza kuifanya sehemu ya kwanza, na mtaalamu akaikagua. Kanuni yenyewe ni nyepesi: mashine ni mshirika mahali ambapo yupo mtu mwenye ujuzi wa kuona kosa lake na mwenye wajibu wa kulitia jina lake sahihisho. Mahali ambapo mtu huyo hayupo, ushirika umekwisha hata kama kazi inaendelea.

Mshindani wa nani?

Kutokana na hayo, swali la mwanzo laweza kujibiwa kwa upungufu mdogo zaidi. Mashine haishindani na malenga. Anayejibizana, anayeusia, anayeshtaki au kutetea kwa jina lake, anafanya jambo ambalo mashine haimo ndani yake. Mashine inashindana na mwanagenzi.

Ushairi wa Kiswahili haujapata kuwa na chuo kimoja. Chuo chake kimekuwa ni ukumbi wa wazee, harusi, madrasa, na baadaye ukurasa wa mashairi katika gazeti kama Taifa Leo, ambako kila utungo hutoka na jina la mtunzi, lakabu yake na mji wake. Mwanagenzi huanza kwa tungo hafifu. Huchechemea katika mizani, hulazimisha kina, huokota neno asilolijua maana ili litimize hesabu. Mkubwa wake humcheka kidogo, humsahihisha, humtaka arudi. Tungo hizo hafifu hazina thamani kwa msomaji, lakini ndizo ngazi aliyoipanda kila malenga anayesifiwa leo. Na hizo ndizo hasa mashine inazoweza kuzitoa kwa wingi, kwa haraka na bila aibu.

Mwanafunzi akiombwa beti nne na akaziagiza kwa mashine, hakuna aliyeibiwa shairi kubwa. Kilichopotea ni zile siku kadha ambazo angekaa na neno "mbuni" akijiuliza lina silabi ngapi. Mhariri akijaza ukurasa kwa beti zilizotimia zisizo na mtu nyuma yake, hakuna atakayelalamika wiki hiyo. Baada ya miaka 20 ataulizwa walikokwenda watunzi, naye hatakuwa na jibu. Aliyekata ngazi hakumdhuru aliyekwisha kufika darini. Amewafungia njia waliokuwa chini.

Hitimisho

Mambo matatu yanafuata kwa idara za Kiswahili. Kwanza, zoezi la kutunga lirudishwe mdomoni: mwanafunzi aghani mbele ya wenzake, ajibiwe kwa shairi, ajibu papo hapo, kama ilivyokuwa kabla zoezi hilo halijageuzwa kuwa karatasi ya kukusanywa. Pili, vyuo vikusanye na kumiliki matini za lahaja za ushairi, kwa idhini ya wenyewe na kwa masharti yanayojulikana, ili lugha itakayolishwa mashine isiwe ya tafsiri peke yake. Tatu, uhakiki uache kumpima mtunzi kwa yale ambayo chombo kisicho na jina kinaweza kuyatimiza. Ugomvi wa arudhi na mashairi huria ulikuwa na faida zake, lakini pande zote mbili zilikuwa zikigombania umbo.

Mtunzi wa utenzi wa kale aliyemaliza kwa kujitaja jina na kuomba asahihishwe alikuwa ameweka sharti moja ambalo halijatanguka: kwamba mwisho wa beti pawe na mtu wa kuulizwa. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuendelea kulidai sharti hilo, na mwalimu ana wajibu wa kumwandaa atakayelitimiza.